Kibali cha Chumba cha Keki

Nimestaafu kwa hiari, kwa ushauri wa bega langu la kulia. Bega hilo limepandisha maboksi ya viyoyozi kwenye ngazi za Kinondoni na Temeke mpaka likaanza kutabiri mvua. Ninyi mliobaki karakanani mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Vyeo sitavigusa, kwa sababu cheo nilichopewa kilikuja na meza, na sijawahi kuona meza ikipoza chumba cha mtu. Nitaandika kuhusu vibali. Najua nikigeuza mgongo mnaniita Fundi Kibali, na mnadhani sisikii. Kelele za kompresa zimeniharibu sikio moja tu.

Niliingia kazini bila cheti cha ufundi. Kabla ya hapo nilikuwa nauza vipuri vya friji kwenye duka moja Temeke, na nilichokijua nilikisoma kwenye vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya mashine, vile ambavyo mafundi huvitandika chini wasichafue suruali. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Salehe, fundi mkuu, amekalia mtungi wa gesi uliokwisha, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, msomaji. Kiyoyozi kinatengeneza nini?"

"Baridi."

"Umefeli. Baridi haitengenezwi. Sie ni wachukuzi wa joto. Tunalitoa kwa huyu, tunalitupa kwa yule. Kwa hiyo kabla hujashika drili, toka nje kwanza uangalie unamtupia nani."

Nilidhani ni maneno ya kahawa. Muda si mrefu tukaitwa Kinondoni kwa bwana mmoja aliyelalamika kwamba kiyoyozi chake kinazima kila mchana. Hakikuwa kazi yetu. Waliokifunga walikuwa wameelekeza boksi la nje, lile linalopuliza joto, moja kwa moja kwenye dirisha la jiko la jirani, hatua chache tu, kama ilivyo mitaa ile. Jirani hakwenda kushtaki popote. Alifunga kamba mbele ya boksi na kuanza kukausha nguo za mtaa mzima. Tulipofika, mashine ilikuwa imezibwa pumzi na sare za shule.

"Fundi, huyu mama ananihujumu," mteja akasema.

Mama akajibu kupitia dirishani, mwiko mkononi. "Joto lenu mmelileta wenyewe kwangu. Mie nalitumia. Au nalo lina mwenyewe?"

Mzee Salehe alimpa haki yake yule mama, akahamisha boksi likatazama juu ya paa. Njiani aliniambia kwamba kama kungekuwa na mtu wa kuuliza swali moja kabla ya ukuta kutobolewa, safari ile isingekuwepo. Hilo ndilo lililonifanya nianze kujiuliza kibali ni nini hasa.

Jibu nililipata Gongo la Mboto, na halikuwa la kuchekesha. Nyumba ya mwalimu. Aliyemfungia kiyoyozi alikuwa amevuta umeme kutoka kwenye soketi ya sebuleni, ileile iliyolisha televisheni, feni na pasi. Waya uliwaka ndani ya dari mchana wakati watoto wako shuleni. Tulisimama sebuleni tunatazama mabati kupitia mahali palipokuwa na dari, na mwalimu akawa anarudia sentensi moja: "Aliniambia kibali ni cha maghorofa." Mzee Salehe akavuta kipande cha waya kilichobaki, chembamba kama cha kengele ya mlangoni. "Hiki kimetumwa kuvuta garimoshi," akasema, na siku hiyo hakutania tena.

Baada ya hapo nilitafuta kanuni zenyewe nikazisoma, kama nilivyosoma vile vijitabu. Nawapa muhtasari ili msisingizie muda. Kwa mtu anayefunga kiyoyozi nyumbani, mambo yenye maana ni matatu. Mwenye jengo aridhie ukuta wake kutobolewa. Umeme ufungwe na mwenye leseni, mashine iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme. Gesi isiachiwe hewani wala joto lisielekezwe kwa jirani. Mtu mwenye akili timamu angetaka hayo hata kama serikali isingekuwepo. Mengine yote mnayokutana nayo kwenye madirisha ya ofisi yameongezwa na watu waliokuwa wamekaa tu.

Hapo ndipo anapoingia Mama Keki.

Alikuja karakanani katikati ya joto la Februari, mwanamke mrefu, mkoba kwapani. Alikuwa amepanga Kinyerezi, vyumba viwili na stoo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza keki za harusi. Kuoka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kupamba, kwa sababu krimu ya siagi haina uvumilivu wa Dar es Salaam. Wiki chache nyuma, kwenye sherehe moja ya kumuaga bibi harusi, keki yake ya ghorofa ilianza kuinama huku MC akiendelea kusoma majina ya wageni waalikwa. Wanakamati wawili walisimama wameishika kama mgonjwa anayesubiri gari. Watu wakasema keki imelewa kabla ya wageni.

"Sasa nimepewa harusi ya binti wa mwalimu wa kwaya," akaniambia. "Wanakwaya wote watakuwepo. Fundi, wale watu wakiimba sifa yako umepona. Wakiimba aibu yako, wanaiimba kwa sauti nne. Nataka chumba kimoja tu kiwe baridi. Hii keki ikiinama, narudi kuuza vitumbua, na vitumbua vyenyewe sivijui."

Nilikwenda kuiona nyumba. Mwenye nyumba, Mzee Haule, alikuwa mtu wa Songea mwenye heshima zake, aliyejenga chumba kimoja kila alipopata nafasi, na umeme ukafuata vyumba kwa staili ileile, kiraka juu ya kiraka. Wakati huo alikuwa ametoka kupiga ukuta wa korido lipu mpya na rangi ya maziwa. Bodi ya umeme ilikuwa mwanzo wa korido, stoo ya keki mwisho wake. Waya wa kiyoyozi ulipaswa kupita katikati ya rangi ya maziwa.

"Kiyoyozi ruksa," akasema Mzee Haule. "Ukuta wangu marufuku. Chomekeni kwenye soketi kama watu wanavyochomeka pasi."

"Mzee, ile soketi ndiyo inayolisha nusu ya nyumba yako."

"Nayo haijawahi kulalamika."

Nilimwomba walau aturuhusu tufunge mashine na kuanza kufuatilia kibali, suala la waya tutalizungumza. Alikubali kwa barua, akaisaini kwa fahari ya mtu aliyeshinda.

Kibali kilianzia serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitaka kujua sababu ya kuhitaji baridi.

"Joto," akasema Mama Keki.

"Joto tunalo sie wote, sista. Wewe una nini cha ziada?"

"Nina keki."

Mwenyekiti alifikiri, akaandika barua kwamba mtajwa ni mkazi mwema, hana kesi, na ana keki. Barua hiyo tukaipeleka dirisha la vibali. Dada aliyekuwa pale alikuwa mpole kabisa, na mpole akikukwamisha huna hata pa kupeleka hasira. Fomu yake ilikuwa na majengo mapya, uzio, choo, kisima na mengineyo. Kiyoyozi hakikuwepo.

"Hicho kitu kitaning'inia nje ya ukuta?" akauliza.

"Boksi lake, ndiyo," nikajibu.

"Kitaonekana barabarani?"

"Kitaonekana."

"Kina maandishi?"

"Jina la waliokitengeneza."

"Basi hilo ni bango, baba. Mabango dirisha la pili."

Dirisha la pili palikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anamenya embe kwa kisu kidogo. Akauliza kama bango letu lina kitu kinachozunguka. Nikasema lina feni. Akasikitika kwa niaba yetu. Mabango yanayozunguka yalihitaji mchoro wa mhandisi na maelezo ya namna yasivyovuruga madereva. Mama Keki alimtazama, akalitazama embe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kisu kile kinauzwa.

Tulirudi Kinyerezi, nikachukua rangi nyeupe na brashi, nikafuta jina la watengenezaji kwenye boksi. Siku iliyofuata tulikuwa tena dirisha la kwanza.

"Sasa hakina maandishi," nikasema.

"Kwa hiyo siyo bango tena. Sasa ni nini?"

"Boksi."

"Mabanda tunayo. Maboksi hatuna."

"Weka mengineyo, mwanangu," akasema Mama Keki. "Hapo chini. Naliona neno kutoka huku."

Akaweka mengineyo. Vijana, likumbukeni neno hilo. Nusu ya jiji hili imejengwa chini yake.

Kilichobaki kilikuwa ukaguzi. Mkaguzi alikuja asubuhi, siku mbili kabla ya harusi, siku ambayo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Naomba mpate picha. Kutoka baraza ya Mzee Haule unaiona mitambo inayozalisha umeme kwa gesi, mabomba yake ya moshi yamesimama wima. Kukosa umeme huku unaitazama ni kama kulala njaa kwa mwenye mashine ya kusaga. Kiyoyozi kilikuwa kimetundikwa ukutani, mabomba ya shaba yamefungwa, gesi imepimwa. Waya wa umeme haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mkia mfupi niliouzungushia tepu.

Mgeni kwa Mama Keki halazimishwi kula ila haondoki bila kula. Ukisawazisha keki kabla ya kuipamba unakata vilele vyake, na vilele hivyo huwa ndiyo sehemu tamu. Alimwekea mkaguzi sinia zima barazani, na chai ya tangawizi. Mkaguzi akakaa. Nikasimama pembeni na bisibisi yangu.

"Mheshimiwa, nakuomba kwanza uje uone bodi," nikasema. "Waya wa mashine hii bado haujafungwa."

"Umeme si haupo, fundi?"

"Haupo."

"Sasa nikaangalie nini, giza?"

"Waya unaonekana hata umeme usipokuwepo. Na ukiwa haupo, nao unaonekana kwamba haupo."

"Hebu niache nimalize hiki," akasema, akachukua kingine.

Alisaini kibali juu ya goti lake, akapuliza mhuri, akagonga. Aliuliza choo kiko wapi, na hilo ndilo swali pekee aliloliuliza kuhusu jengo. Akaondoka na boksi la keki kwa ajili ya mama watoto.

Kabla ya adhuhuri umeme ukarudi. Mzee Haule akatoka chumbani kwake amechangamka.

"Si mmepata kibali? Washeni."

"Siwezi, mzee. Waya."

"Serikali imegonga mhuri."

"Mhuri haupitishi umeme."

Nilitegemea Mama Keki asimame upande wangu. Alinigeukia macho yamemtoka.

"Wewe fundi, wewe! Umenizungusha mtaa, umenizungusha madirisha mawili, umepaka rangi mashine yangu isiwe bango. Kila siku kibali, kibali, kibali. Leo kibali kimekuja, hichi hapa, halafu unakataa? Keki yangu iko pale ndani inatoka jasho!"

"Nikikuchomekea kwenye soketi ile, oveni yako na hii mashine vikiwaka pamoja..."

"Mafundi wenzako wangechomeka jana!"

"Wangechomeka. Kuna mwalimu Gongo la Mboto anawafahamu."

Nikamweleza kuhusu ile dari. Nilimweleza kwa kifupi, maana mtu mwenye hasira husikiliza sentensi moja tu. Alikaa kwenye ngazi, kibali mapajani, na nikaona kwamba hana tena mtu wa kumgombeza. Harusi ilikuwa kesho kutwa, na krimu haikuwa na mpango wa kusubiri. Akaanza kukisoma kile kibali, nadhani kwa sababu tu kilikuwa mbele ya macho yake. Mie sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimekiona kikisainiwa, nikadhani inatosha.

Akasimama, akafunga khanga vizuri, akamfuata mwenye nyumba.

"Baba Haule, shikamoo."

"Si ulishanisalimia asubuhi?"

"Naanza upya. Baba, nyumba hii ni ya nani?"

"Swali gani hilo? Ni yangu."

"Sikiliza serikali inavyosema kuhusu nyumba yako." Akasoma polepole, kama anasoma matangazo ya kanisani. "'Mtambo umekaguliwa. Mtambo umewashwa na unafanya kazi vizuri. Mtambo una njia yake ya pekee ya umeme kutoka kwenye bodi kuu, iliyochimbiwa ukutani kitaalamu.' Saini. Mhuri. Baba, iko wapi hiyo njia?"

"Haipo! Si nimewakataza?"

"Haipo. Na hapa imeandikwa ipo. Kwa hiyo kati ya mhuri na ukuta wako, mmoja ni mwongo. Mie mpangaji tu, sina maoni."

Maneno yale, kama mnavyojua nyote mliowahi kuona karatasi za ukaguzi, mkaguzi hakuwa ameyatunga. Huja yamekwisha kupigwa chapa, yeye kazi yake ni kusaini chini. Lakini Mzee Haule hakulijua hilo, na mimi sikuulizwa.

"Yule bwana si alikuwa anakula tu pale barazani?" akasema.

"Alikula, baba. Na nyumba yako akaiandika."

"Wakija kurudia ukaguzi?"

"Watamkuta mwenye nyumba."

Mzee Haule alikwenda kusimama koridoni. Aliutazama ukuta wake wa rangi ya maziwa kwa muda, akaupapasa kidogo, kama mtu anayemsindikiza mgeni stendi.

"Chimbeni," akasema. "Lakini mstari unyooke. Nipe pima maji nishike mwenyewe."

Tulichimba kwa tindo na nyundo, kwa sababu grainda ingepeleka vumbi kwenye keki. Mzee Haule alitembea nasi hatua kwa hatua, pima maji ukutani, akigomba kila kiputo kilipokimbilia upande. Tukalaza bomba, tukavuta waya mnene, tukaweka breka yake kwenye bodi, tukazamisha fimbo ya shaba ardhini nje ya stoo, ili umeme ukivuja uende udongoni. Nikapima kila kitu, nikapima tena, na jua likiwa bado juu nikamwambia Mama Keki abonyeze mwenyewe. Hewa ya kwanza ikatoka. Alivuta stuli akaketi mbele ya keki yake, akachukua kisu cha kupakia krimu, na wote tukatolewa nje.

Mzee Haule alirejea jioni kukagua ukuta wake. Nilipoondoka nilimwacha mzee huyo stoo kwenye baridi, amevaa sweta.

Siku ya harusi nilialikwa. Viyoyozi vya ukumbi vilikuwepo, vingi, na vyote vilinguruma bila kupoza chochote, kama hotuba. Keki ilisimama katikati ya joto lile ghorofa zake zote. Mama Keki alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, hali, hanywi, anautazama mstari wa keki kama Mzee Haule alivyoutazama mstari wa waya. MC akapiga kelele, "Jamani, keki imesimama kama paredi!" Kwaya ikaitikia. Kisu kilipoingia, ndipo nilipomwona anapumua. Kabla ya dansi ya kwaito kuanza alikuwa amekwisha kuzungukwa na mama wa maharusi wengine watatu.

Tangu hapo Mzee Haule huwaonyesha wapangaji wapya ule ukuta, ingawa hauna cha kuonyesha, na huwaambia kwamba nyumba yake ilikaguliwa kwa makini sana. Hilo sasa ni kweli, ila waliokagua tulikuwa sisi watatu, yeye, Mama Keki na mie. Nawaachia ninyi mkadirie ni vibali vingapi katika jiji hili vinasema kitu ambacho hakuna mpangaji mwenye hasira aliyekisoma kwa sauti.

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga, na keki mliiagiza kwa Mama Keki. Mnakumbuka ilivyokuwa: kibali kamili, kirefu kama meza ya ofisini, maandishi ya chokoleti, na pale chini mhuri wa bluu wa sukari, wa duara kabisa. Wageni walisimama kuisoma kabla haijakatwa. Mkaguzi naye alikuwepo, tulimwalika kwa miaka tuliyofanya kazi pamoja, na Mama Keki alimkatia yeye mwenyewe kipande chenye mhuri. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakila bila kukitazama.